Nilisema Kitabu Kimeshonwa Kinyume, Nao Wakakitengeneza

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Nilimdanganya mama wa watu ili anipunguzie bei ya kitabu cha katuni. Cheka ukitaka! Hata mimi nilicheka, kisha nikakaa chini nikashika kichwa.

Shule niliiachia darasa la saba. Tangu hapo nimebeba mbao Kimulot, nimeuza viazi kando ya barabara, na sasa nachuma chai Boito. Sikai mahali. Kitu kimoja tu sijawahi kukiacha: manga, zile komiki za Wajapani. Kiingereza changu chote nimekitoa humo.

Kuzipata huku ni kazi! Ukiuliza sokoni Chepilat, "Manga ziko wapi?" unaelekezwa stendi, kwa sababu Manga ni mji upande wa Nyamira. Siku moja makanga alishanibebea begi nikiwa bado naeleza.

Basi nikajifunza njia yangu. Vitabu huja na mitumba, na wauzaji huvitupa chini ya viatu. Unainama, unasogeza viatu, na usionyeshe furaha.

Kuna hadithi moja ya mpishi wa tambi anayemtafuta baba yake kwa kunusa supu ya kila mji. Vitabu ni vinane, na viliacha kuchapishwa zamani. Miaka minne nilitafuta, nikapata saba. Cha saba kinaishia mpishi ameshika mlango, harufu ya supu ya baba inatoka ndani, halafu basi! Cha nane, mtandaoni, kiliuzwa bei ya ndama.

Cheruiyot, tunayeishi naye chumba kimoja kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, alivisoma vyote saba akapagawa. Miaka miwili, kila asubuhi tukifunga aproni za kuchumia, aliniuliza, "Weri," yaani kijana, "huo mlango umefunguliwa?"

"Bado."

"Mimi nitafia hapo nje."

Halafu nikakiona. Cha nane! Kwa Mama Wambui, muuza viatu, chini ya gambuti moja isiyo na mwenzake. Nikauliza bei kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Mia tatu."

Mia tatu! Hiyo si bei, ni zawadi, na nilikuwa nayo mfukoni. Lakini roho ya tamaa haishibi.

"Mama, hiki kimeharibika. Ona, kimeshonwa kinyume. Kinaanzia nyuma."

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ndiyo maana jalada lake la mbele liko mahali petu pa nyuma. Mimi nilijua. Yeye hakujua. Alivaa miwani, akakigeuza mara tatu.

"Ngai! Kumbe ni kweli!"

"Nikupe themanini tu, ni cha kufungia njugu."

"Hapana, kijana wangu. Siwezi kukuuzia kitu kibovu, Mungu ananiona."

Nikaondoka polepole, kama tufanyavyo wote, nikingoja kuitwa. Nikapunguza mwendo. Nikainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Hakuniita!

Soko lililofuata nilirudi mbio. Aliniona kwa mbali.

"Mwalimu! Nimekungoja!"

Mwalimu, mimi wa darasa la saba! Akatoa kitabu kwenye mfuko safi. Alikuwa amekipeleka kwa fundi anayeshona Biblia na vitabu vya nyimbo. Fundi alikata uti wa mgongo wa kitabu, akaugeuza, akatia gundi upande wa pili, akabandika jalada upya. Kazi safi kabisa. Maskini mimi!

"Sasa kinaanzia mbele kama vitabu vya watu. Na nilikuwa na katoni nzima ya hizo nyumbani. Zote nimepeleka!"

Katoni nzima! Machozi yakanitoka.

"Mbona unalia?"

"Ni furaha, mama."

"Haya, leta mia tano. Fundi pia anakula."

Nikalipa. Tena nikasema asante.

Cheruiyot alikinyakua mlangoni. Nikamwacha asome, nikijiambia labda mambo si mabaya. Akafika pale mlango unapofunguliwa, akageuza kurasa mbele na nyuma.

"Kwani walikosana?"

"Nani?"

"Mtu na baba yake."

Nikatazama. Mchoraji alikuwa amechora kurasa mbili zinazotazamana: mtoto kulia, baba kushoto, mikono imenyooshwa ikutane katikati. Fundi alikuwa amezibadilisha pande. Sasa baba na mtoto walikuwa wamepeana mgongo, kila mmoja ananyoosha mikono nje ya kitabu, machozi yanamtiririka.

"Wanakumbatiana," nikasema.

"Wanakumbatia nani?"

Nilieleza mpaka chai ikapoa. Hakutaka kusikia. "Miaka miwili nimesimama nje ya huo mlango," akasema, "halafu unafunguliwa napewa mgongo." Siku hizi tukifunga aproni haniulizi chochote.

Mama Wambui naye amewatangazia wauza mitumba wote: ukiwa na kitabu kinachoanzia nyuma, peleka kwa fundi, Mwalimu ndiye aligundua. Soko zima linanisalimia kwa heshima!

Ndugu msomaji, ukipata unachokipenda kwa bei ya haki, lipa uende. Usikisingizie kasoro. Kuna watu wema sana duniani, na watakirekebisha!