Unga Chini ya Chungu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Mjimwema, Songea, niliamini kwamba unga hausemi uongo. Padre niliweza kumtilia shaka, hasa mahubiri yakiwa marefu, na mwalimu wa hesabu nilimtilia shaka kila siku. Lakini unga wa Bibi, hapana. Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa kweli, mwenyekiti wa jumuiya, na rozari yake ilining'inia kwenye msumari mmoja na ungo. Hata hivyo, nyumbani pakitokea ugonjwa, aliwauliza kwanza mahoka, yaani wazee wetu waliokufa. Jioni alimimina unga wa mahindi taratibu nyuma ya nyumba mpaka ukasimama na ncha kali, akaufunika kwa chungu. Asubuhi alifunua. Ukiwa umesimama, wazee hawana neno, mgonjwa apelekwe hospitali. Ukiwa umebomoka, ugonjwa ni wao, na tiba itafutwe kwao. Unga huo ulishanipeleka hospitali mara mbili kwa malaria, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuushuku.

Mwaka ule dada yangu Sekunda alikuwa kidato cha nne. Mama yetu alishafariki, tukalelewa na Bibi, na Sekunda ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha kusoma. Baridi ilipoanza, akaacha kulala. Alifua sare yake mara nne kwa siku. Alimwomba jirani azime redio kwa sababu ilikuwa inamtaja jina. Akawa anajibizana na watu ambao mimi sikuwaona. Wakubwa mtaani walinong'ona. Watoto wenzangu hawakunong'ona, walinitania wazi wazi.

Mwalimu wake wa malezi, mama mmoja mgeni kutoka Moshi, akaja nyumbani.

"Shikamoo Bibi. Huyu binti anaumwa. Hospitali yupo daktari wa afya ya akili. Mpelekeni mapema, mtihani bado uko mbali."

"Marahaba, mwalimu. Tumekusikia," Bibi akajibu. "Ila acha kwanza niulize kwetu."

Jioni hiyo akamimina unga mbele yetu na majirani wawili. Sekunda alikuwa ametulia kuliko siku zote. Akainama sikioni kwangu, akaniita kwa jina.

"Kali, omba unga usimame. Nimechoka na hizi kelele. Nataka kwenda hospitali."

Niliomba. Niliomba kwa Bikira Maria na kwa mahoka pia, nisije nikamkosea mmoja wao.

Asubuhi nilitoka kumwaga majivu. Bibi alikuwa ameshafika nyuma ya nyumba, amenipa mgongo. Akainua chungu. Unga ulikuwa umesimama, na ncha yake vile vile alivyoiacha. Nilitaka kupiga vigelegele. Bibi akasimama kidogo, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaugandamiza kwa kiganja mpaka ukasambaa. Akafunika tena.

Alipogeuka akaniona. Hakunifokea. Alinishika bega akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Mjukuu wangu, mahoka wanatulizwa, mtu akarudi akawa mtu. Ila kichaa kikishaandikwa kwenye faili hakifutiki. Nani atamwoa dada yako? Na wewe, nani atakuoa? Nyamaza."

Akawaita watu, akafunua chungu, akasema, "Mmeona wenyewe." Watu wakaona. Begani, kwenye sweta langu la bluu la shule, palikuwa na alama nyeupe za vidole. Sekunda aliziangalia, akanitazama usoni kwa muda mrefu, halafu akanipangusa taratibu, kama alivyozoea kila nilipokuwa nakwenda shule. Sikusema kitu.

Wiki hiyo hiyo akapelekwa kwa mganga, kijiji kimoja njia ya Tunduru, akakaa huko mpaka mtihani ukapita. Alirudi na chale kichwani na kovu la kamba kwenye kifundo cha mguu, na kelele zake amerudi nazo zote. Akapelekwa tena, akarudi tena. Utoto wangu uliobaki ulipita hivyo.

Bibi nilimchukia. Niseme wazi, nilimchukia huku nakula ugali wake. Atakayesikia kisa hiki ataniambia alifanya kwa upendo, na mimi najua hivyo. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba wazee waliokufa hawadanganywi, kisha akatudanganya sisi na wao kwa kiganja kimoja. Tangu siku ile sikumwamini hata aliponiambia chai imepoa.

Miaka miwili iliyopita, tulipomaliza arobaini ya Bibi, nilimpeleka Sekunda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, mdogo kwetu sote wawili. Kwa karibu saa nzima aliuliza tu, na alimuuliza yeye kabla ya kuniuliza mimi. Kelele zilianza lini? Zinasema nini? Unalala? Uliwahi kuumia kichwa, kupata degedege, kuvuta bangi? Kwenye ukoo yupo mwingine? Akampima damu, akataka arudi mara mbili zaidi kabla ya kuupa ugonjwa jina. Jina lilikuwa skizofrenia. Sekunda aliomba aandikiwe kwenye karatasi. Akalisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

"Kumbe ugonjwa una jina," akasema.

Daktari akanigeukia, akauliza kwa nini tulichelewa kiasi hicho. Nikajibu kwamba hatukuwa na uelewa. Ndivyo wanavyosema kwenye semina, na ni jibu ambalo halimuudhi mtu. Sekunda alinitazama, akafunga mkoba wake.

Dawa zimemsaidia. Kelele hazijaisha zote, ila analala, na cherehani yake ina wateja. Juzi tulikuwa uani tunachambua maharage, nikashindwa kuendelea kubeba siri ile. Nikamweleza yote: chungu, ncha ya unga, kiganja cha Bibi. Nikalia kama mtoto.

Hakuacha kuchambua. "Nilijua," akasema. "Si nilikupangusa sweta?"

"Mbona hukusema, dada?"

"Mimi? Walikuwa wanasema nasikia visivyokuwepo. Ningesema nimeona unga begani kwako, nani angeniamini?" Akatupa kijiwe pembeni. "Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Hata siku ile kwa daktari, nilikuwa bado nasubiri."

Miaka yote hii nimejihesabu upande wa waliosalitiwa, na kwa Bibi nilisalitiwa kweli. Lakini Bibi aliubomoa unga asubuhi moja. Mimi niliulinda uongo wake, nikaendelea kuulinda hata alipokuwa kaburini, hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kauli, mbele ya mtu aliyeniuliza kwa adabu. Dada yangu hakuwahi kukosa akili ya kuona kilichotokea. Alikosa mtu wa kusema naye.

Kliniki yake nyingine ni Jumatano. Nimemwomba nimsindikize, nikamweleze daktari upya, yeye akiwepo.

Amesema atafikiria.