Hatua Tatu za Fundi

Tulipooana tuliishi kwenye msonge nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, upande wa Kahama. Mume wangu alifanya kazi mgodini Geita, na huko alikuwa ameziona nyumba zenye pembe. Alipokuja likizo akasema hataki tena kulala kwenye duara. Akakipima kiwanja kwa miguu yake, nami nikamfuata nikikariri: sebule hatua nne kwa tatu, chumba chetu hatua tatu kwa tatu. Likizo ikaisha kabla hatujachomeka kigingi hata kimoja. Akarudi kazini, usimamizi akaniachia mimi.

Nilisimamia kwelikweli. Nilikataa miti iliyoanza kuliwa na mchwa, nikawahimiza majirani wachote maji ya kukandia udongo, nikapanga zamu za kukata nyasi za kuezekea. Fundi alikuwa mtu mwema, hodari, na mfupi. Utosi wake ulinifika begani. Alipopima chumba chetu tulihesabu pamoja. Moja, mbili, tatu. Nikamwambia aishie hapo, asiongeze hata unyayo.

Mume wangu alirudi juu ya lori, na kitanda cha chuma alichouziwa na bosi mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Kilikuwa kirefu kama yeye. Tulikiingiza kwa urefu, kikagoma. Tukakijaribu pembe kwa pembe, kikagoma. Fundi akaitwa, akapima chumba mbele yetu, zikatoka hatua tatu kamili. Mume wangu akapima, akafika ukutani kabla hajaimaliza ya pili. Walitazamana miguu kwa muda mrefu, kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Kitanda hakikukatika kwa panga, kwa hiyo ukuta ndio uliotobolewa. Ncha ya kitanda ikatokeza nje, na kwa kuwa mume wangu alilijaza godoro lote, miguu yake nayo ikalala nje. Kuku walipenda kupumzika pale. Mbuzi wa baba mkwe alikuja kujikuna kwenye chuma, nasi tukitikisika ndani kama tuko kwenye lori.

Hayo tuliyavumilia mpaka asubuhi moja mama yangu alipokuja kututembelea. Kwetu mkwe haonwi ovyo, na mama alipopinda kona ya nyumba alikutana na nyayo mbili za mkwewe. Nilimkuta amezipa mgongo, mzigo wa viazi bado kichwani, anatazama mtama.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “mwambie mwenzio aiite miguu yake ndani, nipate kupita.”

Nikaenda kumwamsha. Aliposikia ni nani yuko nje aliikunja miguu kwa haraka, magoti yakampiga kidevuni, akauma ulimi. Siku nzima alimwamkia mama kwa kupitia kwangu, tena kwa kithembe.

Siku ya pili fundi alilizungushia lile tundu ukuta mdogo, akauezeka, nyumba ikawa na kinundu ubavuni. Niliona haya mpaka jirani yetu, aliyekuwa akijiandaa kujenga, alipokuja kuuliza kama ndivyo wanavyojenga Geita siku hizi. Mume wangu akamjibu kwa uso mkavu kwamba ndivyo.

Mavuno yalipopita, vinundu vilikuwa vitatu kijijini. Cha jirani alikitumia kuhifadhia majembe, maana yeye alilala chini, kwenye ngozi ya ng'ombe.