Mama Aliyesubiri Jibu la Ukurasa

Sikulazimishi uamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Buhembe, Bukoba.

Kazi yangu ni kurekebisha kurasa za mtandao. Mwenye boti mmoja wa Muleba alinipa ukurasa wake, ambao abiria wa kisiwa cha Bumbire huombea nafasi. Alisema tu, "Unaganda." Nikaufungua. Skripti, yaani maagizo yanayouendesha ukurasa, ilikuwa inatuma ombi kwenye seva, kisha inasubiri jibu huku kiduara kikizunguka. Mtandao ukikatika, kosa linakuja baadaye, na aliyeiandika hakuweka mahali pa kulidaka. Basi kosa linapotea kimyakimya, kiduara kinaendelea kuzunguka. Abiria haambiwi ndiyo wala hapana.

Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kikichuruzika maji. Nje jua lilikuwa kali. Nililiona hilo, na sijui kwa nini sikushangaa.

Akaniita kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, mwanangu, nimepata nafasi au sijapata?" Akanionyesha simu. Kiduara kilikuwa kinazunguka.

"Kaa kidogo, mama."

Akakaa. Nikaandika sehemu ya kudaka kosa, nikaweka na ujumbe, nikaupandisha ukurasa mtandaoni. Nikamwambia aombe upya. Simu ikaandika: Ombi limeshindikana. Hujapata nafasi.

Akasoma taratibu. "Kumbe sikupata. Ningeambiwa mapema, ningelala hukohuko kisiwani." Akanipa mkono, akatoka. Nikachungulia barabarani. Hapakuwa na mtu.

Nikampigia mwenye boti kumwambia kazi imekwisha, nikamtajia na yule mama. Akauliza, "Kitenge cha rangi gani?"

"Kijani, maua ya njano."

"Huyo ni mama muuza dagaa, mkazi wa Kimwani, huku ng'ambo ya kisiwa. Alishinda ufukweni Bumbire akitazama simu. Jioni akapanda mtumbwi wa wavuvi, ukazama. Tumemzika na kitenge hicho. Ndiyo maana nilikuletea ukurasa."

Je, niliogopa? Ningependa kusema ndiyo. Sikuhisi kitu. Kiganja alichokishika kimekufa ganzi tangu siku ile. Hospitali wamekichoma sindano, wanasema hawaoni ugonjwa. Chai ya moto ikikimwagikia, nabaki kuitazama tu.

Kwa hiyo wewe unayeandika skripti, ombi likishindikana, mwambie mtu limeshindikana. Na akikujia mgeni aliyelowa siku ya jua, mjibu ukweli upesi aende zake. Mkono usimpe.