Kizingiti cha Kwihara

Jirani yangu mwashi hapiti penye ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole na kuutegea sikio. Hata Granada, mji mkongwe wa Hispania ambao vitabu vyetu huuita Gharnata, alipokwenda kumtembelea binti yake aliyeolewa huko, aliwaacha wenzake wakistaajabia nakshi za kasri, naye akabaki nje akipapasa ngome. Picha zote alizorudi nazo Tabora ni za kuta.

"Waume wa wenzangu wakisafiri huleta manukato," mkewe, Zamda, alimtania mbele yangu. "Wewe umeniletea udongo."

"Ni udongo kweli, mama Ummy," akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Mwekundu kama wetu. Una mamia ya miaka, na bado wanautia viraka."

Sote twajua kwamba tembe la babu yake mwashi huyu, kule Kwihara nje ya mji, alilibomoa yeye mwenyewe kwa sururu, akisema kuwa nyumba ya udongo ni aibu kwa mwashi wa saruji.

Jana, baada ya sala ya alasiri, aliniomba nimsindikize huko. Pamebaki shamba la mahindi. Alipita polepole kati ya mistari, mkono wake mmoja ukipapasa hewa, kisha akasimama, akavua viatu na kuvipanga kando.

"Inama, shehe," aliniambia bila kugeuka. "Mlango huu ni mfupi."

Nikavua vyangu, nikainama.