Mshale wa Bwana Roland na Beseni la Nkambo Kyabu

Nianze na watu wa siku ile, mwanangu, maana shule niliiacha mwaka wa tatu, lakini majina hayanipotei. Ndani ya mtumbwi tulikuwa watatu. Kasongo, yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, ndiye aliyeshika kasia. Mwape, mke wake, alikuwa amelala katikati juu ya majani makavu, mimba yake ya kwanza imefika. Mimi nilikaa mbele, apareyi mkononi, kile chombo cha kuonyesha njia. Ng'ambo, pale Kapolowe mitumbwi inapofikia, walikuwako wanawake waliokuwa wakipokea samaki: Mado, binti wa mwalimu Simon, Beya, aliyeolewa na mtu wa reli, na Nkambo Kyabu, mjane, ambaye hakuwa ndugu wa mtu kati yetu, lakini wote tulimwita nkambo, bibi yetu.

Ilikuwa Jumapili ya wakati wa baridi, katikati ya ile miaka ya tisini.

Ninyi mmezaliwa mkakuta mambo yamekwisha kuharibika, hamjui ilivyokuwa kuyaona yakiharibika. Likasi, mji wetu wa madini, ilikauka. Mitambo ilinyamaza mmoja baada ya mwingine, mishahara ikakatika, na wanaume waliozoea kuitwa na sirene ya kazi wakawa wanaamka bila kuitwa na mtu. Kasongo alikuwa mmoja wao. Alifungasha chungu na blanketi akahamia kambi ya wavuvi kule kwenye ziwa la Changalele, akajifunza kutega nyavu akiwa mtu mzima.

Mimi nilikuwa nafua nguo za muzungu mmoja, Bwana Roland, injinia. Huyo alipenda maji kuliko watu wengine wanavyopenda kanisa. Alikuwa na kaboti kadogo ka tanga, amekaweka kwenye ziwa hilo hilo, upande wa Kapolowe, na kila mwisho wa juma alikwenda kuzunguka nako. Si kuvua, si kubeba kitu. Kuzunguka tu, arudi. Mimi ndiye niliyesafisha matope kwenye vitu vyake, na kimojawapo kilikuwa hiyo apareyi: rangi ya majivu, ndefu kama mche wa sabuni ambao haujakatwa, na kidole kinene juu yake cha kusikilizia satelaiti. Ukiiwasha na kungoja, tena kungoja sana, inatokea mshale wa kukuonyesha uelekee wapi, na namba ya kukuambia umebakiza mbali gani.

Askari walipopora mji, na uporaji ule ukapita, Bwana Roland akarudi kwao. Apareyi aliniachia mimi. Alisema katika nyumba yake yote hakuna mwingine aliyeishika kwa mikono miwili. Alinifundisha vitufe vitatu. Ndani mlikuwa na mahali pamoja alipopaweka yeye, pale alipokuwa akifunga kaboti kake Kapolowe. Mahali pa pili nilipaweka mwenyewe: kambi ya Kasongo. Siku niliyofaulu kupaweka, nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mtoto.

Basi kiburi kikanianza. Nilikuwa natoka Likasi na kinga yangu, baiskeli nzee ya marehemu mume wangu, nimebeba chumvi, sabuni na nguo kuukuu za kubadilisha na samaki wa moshi. Nikifika ziwani, Kasongo ananivusha, na wavuvi wanakuja kutazama mshale unavyogeuka. Wazee walinyoosha mkono kuelekea Kapolowe, nami nawaonyesha kwamba mshale unasema vile vile. Wanapiga makofi. Walinipa jina, Mama Mushale. Mimi ambaye nasoma kwa kufuatisha kidole, mwanangu, nilijiona profesa.

Sasa nikueleze kitu kimoja cha watu wa pale. Wakati wa baridi, asubuhi, ukungu unalala juu ya ziwa hata huoni ncha ya mtumbwi wako. Na kando ya Kapolowe ni matete matupu. Mlango wa kupita mitumbwi ni mmoja, mwembamba. Basi wanawake wanaongoja samaki walikuwa wanasimama pale wanapiga vyombo mpaka mtumbwi wa mwisho uingie. Mado alipiga beseni lake lililopasuka, Beya kifuniko cha sufuria, Nkambo Kyabu beseni la chuma kwa mwiko: mara mbili, anangoja, mara moja. Kila mvuvi alijua sauti ya nani iko upande gani, akaifuata. Hawakulipwa kwa kazi hiyo wala hawakuihesabu kuwa kazi.

Jumamosi, siku moja kabla, tulivuka mimi na Kasongo kupeleka samaki. Mbingu nyeupe, ziwa limetulia. Mshale ulituleta moja kwa moja, namba inashuka, inashuka, na tulipofika karibu tukauona mlango wa matete, Kasongo akaingia. Sifa zote nikaipa apareyi. Sikuwaza kwamba kile kipande cha mwisho kilimaliziwa na macho yetu.

Kasongo alipokwenda kutafuta mafuta ya mawese, mimi nikabaki na wanawake. Nikawaambia kesho ni Jumapili, wavuvi hawatoki, ni sisi tu tutakuja kumleta Mwape akae karibu na maternite ya masista, pale wanapozalisha, kwa sababu siku zake zimekaribia. Nikawaambia wasijisumbue na mabeseni katika baridi ile.

Mado alifurahi. "Alors, Mama Mushale, kesho tunalala mpaka jua litutoe. Mungu abariki weye na ile sabuni yako."

Nkambo Kyabu hakucheka. Aliuliza, "Na kama ile kintu inazimika katikati ya mayi?"

"Nkambo, hii inasemaka na mbingu," nikamjibu. "Mulale tu."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Jioni kambini niliona kioo cha apareyi kimefifia. Nikatoa zile pile nne, betri zake, nikazilaza karibu na majivu ya moto, kama tulivyofanya na pile za redio zikichoka. Zikapata nguvu kidogo. Nikaridhika.

Alfajiri uchungu ulimshika Mwape kabla ya siku yake, na maji yakamwagika. Mama mmoja wa kambi, Mama Yoana, aliyezoea kuzalisha, alimpapasa tumbo, akatutoa nje. Akasema mtoto amelala kwa mapana, yeye hawezi, tumfikishe kwa masista kabla jua halijapanda, la sivyo tutapoteza mmoja au wote wawili. Ukungu ulikuwa umefunga. Kasongo alinitazama. Nikanyanyua apareyi, nikasema twende.

Na nikwambie ukweli, ile apareyi ilitufaa. Sitaitukana leo. Katika ule weupe usio na juu wala chini, ilituvusha maji yote makubwa. Bila hiyo Kasongo asingethubutu kutoka kambini. Namba ilishuka. Mwape alikuwa akiuma kitenge chake, halii.

Kisha tukagonga matete.

Mshale ulisema mbele. Mbele palikuwa ukuta wa matete. Pale ndipo Bwana Roland alipokuwa akifunga kaboti kake, na tangu aondoke hakuna aliyepafyeka. Mlango wa wavuvi ulikuwa mahali pengine karibu, lakini ni kushoto au kuume? Nikautazama mshale, nao ukaruka kushoto, ukarudi kuume, ukaruka tena, na sisi tumesimama. Mjukuu wangu anayetengeneza simu alinieleza baadaye kwamba miaka ile wenye satelaiti hawakuwapa watu wa kawaida mahali penyewe, walikuwa wanapayumbisha kidogo. Labda. Mimi nilichoona ni kioo kikififia, kikafifia, kikazimika.

"Tumefika?" akauliza Mwape.

Nikaitikisa apareyi. Kasongo alinyamazisha kasia, akageuza sikio. "Mabeseni iko wapi? Sisikie mutu."

Mwanangu, nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini neno lililokuwa gumu kulitoa mdomoni ni lile. "Yaya, leo hapana mutu anapiga. Ni minye nilibaambia balale."

Aliweka kasia juu ya magoti yake. Hakunifokea. Heri angenifokea. "Uliambia bantu balale," alisema polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa, "na Mwape, bibi yangu, eko namna hii."

Tukaita. Sauti zetu zilikuwa zinaingia ukunguni kama mikono ndani ya pamba. Tukajaribu kushoto, matete yakatufunga. Tukarudi nyuma, tukajaribu kuume, matete. Mwape sasa alikuwa analia, na kila alipolia Kasongo alipiga kasia bila kujua anakwenda wapi. Niliomba. Sikuomba kwa maneno mazuri, niliomba tu.

Ndipo tukasikia chuma. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Kasongo aligeuza mtumbwi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mara mbili, kimya, mara moja, na matete yakaachana, tukaingia mlangoni. Nkambo Kyabu alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na blauzi yake nyeupe ya kwenda misa, amekumbatia beseni kifuani, midomo imekuwa ya majivu kwa baridi. Peke yake.

Alipomwona Mwape alitupa mwiko, akapanda juu akapiga kelele kwa Mado na Beya, nao wakatoka na nywele hazijachanwa. Mtu mmoja alikuwa anapita na kinga kwenda kanisani, amevaa koti. Akashuka, akalitandika koti lile juu ya kiti cha nyuma, wakampakia Mwape, Kasongo akamshika upande huu, yule mtu akasukuma, wakakimbia.

Mtoto alizaliwa kabla ya kengele ya misa ya pili. Msichana. Sista aliyemgeuza, Sista Klementina, alitoka akatuambia mama anapumua vizuri, akaongeza kwamba tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kutuambia. Kasongo alikaa chini kwenye simenti, akafunika uso.

Mimi nilikuwa uani, nafua vitenge vya Mwape, maana nilitaka mikono yangu iwe na kazi. Nkambo Kyabu akaja, akakaa kwenye tofali, miguu yake bado ina matope. Nikapiga magoti kumshukuru, akanikataza, akaniambia niendelee kufua.

"Sikupiga kwa ajili yako," alisema. "Niliamuka, nikajiuliza: kama balele yote, nani anapiga? Njo nikasimama."

Nikasema, "Nkambo, apareyi ilinidanganya."

"Hapana. Apareyi ilikuleta mpaka karibu. Asante yake. Minye sina maneno nayo." Akakwangua matope mguuni kwa kijiti. "Lakini usiambie tena mutu aache kukungoja. Siku moja atakusikia."

Mado ndiye aliyesema mengi. Mwaka mzima, kila nilipofika na kinga yangu, alikuwa akiuliza kama mbingu imenijulisha leo kuna samaki gani. Nilistahili, na nilicheka naye. Nkambo Kyabu aliishi baridi nyingine tatu. Kila asubuhi ya ukungu niliyokuwa Kapolowe nilisimama kando yake na beseni langu, na hakuna siku nimejiona mkubwa kama siku zile, nikipiga chuma ndani ya ukungu kwa ajili ya watu nisiowaona.

Leo wajukuu wangu wana saa za kuhesabu mapigo ya moyo wanapoendesha kinga, na mmoja anarusha kidege chenye jicho juu ya ziwa lile lile, kinarudi chenyewe mpaka miguuni pake. Navipenda. Naomba wanionyeshe, nashika kwa mikono miwili. Kwa hiyo shauri langu si kwamba uviache. Vitumie, mwanangu, na ushukuru. Lakini jua ni wapi macho yako yanamalizia kazi ambayo sifa yake unaipa mashine. Ukitoka, mwambie mtu wa nyumbani unapokwenda, hata kama kioo kinakuonyesha kila kona. Na mama akikwambia atakaa macho mpaka ufike, usimwambie alale. Mwambie asante, kisha ufike.

Mungu aliyetuvusha akuvushe na wewe. Akupe vyombo vizuri na akili ya kuvitumia, na kila ufuko utakaoufikia umkute mtu amesimama, amekukumbuka bila kuombwa.

Sasa, wasomaji wa Kapolowe na Likasi, mliokuwako au mliosimuliwa, mnirekebishe. Labda aliyekuwa na kifuniko ni Mado na beseni lililopasuka ni la Beya. Labda Sista Klementina hakuwa yeye aliyemgeuza mtoto, alikuwa mwenzake. Semeni tu, sitakasirika. Na yule mtu wa kinga, aliyetandika koti lake la kanisani likalowa damu, akasukuma mpaka mlangoni na kuondoka kabla hatujamrudishia: jina lake sikuliuliza. Kama alikuwa baba yako au babu yako, niletee jina lake ningali hai. Nimekuwa nikimshukuru miaka yote hii bila kujua nimwite nani.