Kiti Kisichokuza Uchumi

Kaka yangu ameranda mbao katika banda lile lile miaka arobaini, na kiti alichokitengeneza kikilegea hukikaza bure. Mwezi uliopita mpwa wetu, msomi anayechunguza kwa nini nchi nyingine zinakua kiuchumi na yetu inasuasua, alikuja na fomu. Halmashauri, yenye mabanda hayo, ilimtuma achague mafundi watakaoachiwa mabanda yao.

"Mjomba, kwa mwezi unauza viti vingapi vipya?"

"Viwili. Siku zilizobaki nakaza vya zamani."

"Kwa bei gani?"

"Nilipwe kwa kosa langu mwenyewe?"

Msomi akacheka, akaandika sifuri. Zamani fundi wa namna hiyo aliheshimiwa. Siku hizi anaonekana mzigo. Orodha ilipobandikwa, kaka hakuwemo. Banda lake akapewa muuza viti vya plastiki, vinavyovunjika kila mwaka vikanunuliwa vingine. Huo ndio ukuaji wao.

Jana mpwa alikuja nyumbani kuomba radhi. Kabla hajakaa, kaka alikivuta kiti kando.

"Simama hapo hapo, bwana mkubwa. Hiki nilikitengeneza kabla hujazaliwa. Hakikuzi uchumi."