Punje Arobaini na Tatu

Bunduki yangu ilikohoa.

Sitanii. Nilimlenga kulungu dume, nikafyatua, na badala ya mlio ikatoka "pfu", kama bibi anayesafisha koo kanisani.

Kulungu akainua kichwa. Akanitazama kwa huruma. Akaendelea kula.

Sekunde tano baadaye nilikaribia kufa. Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Naitwa Coy Hadlock. Nimezaliwa huku Idaho, Marekani, upande wa viazi, kwenye ukoo ambao haujawahi kuua kitu kikubwa kuliko mdudu wa viazi. Nikampenda Marlys, binti wa milimani.

Baba yake, Mzee Orval Stroud, ana sharti moja. Anayemtaka binti yake aje kwenye kibanda chao cha uwindaji siku msimu unapofunguliwa, na risasi alizozijaza kwa mkono wake mwenyewe. Akifaulu, jina lake linachongwa mlangoni. Akishindwa, harusi inasogezwa mwaka mzima.

Harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki tatu. Keki ilishaagizwa.

Mzee akanipa mashine yake ya mkono ya kujazia risasi, maganda matupu, fataki za kuwashia baruti, vichwa vya risasi, kopo la baruti, mizani ndogo na daftari chakavu.

"Soma lote, mtoto wa viazi. Mpaka jalada la nyuma. Ukikwama, uliza."

Niulize? Mimi? Trekta nimejifundisha mwenyewe, gitaa nimejifundisha mwenyewe, leo nikapige magoti kwa sababu ya risasi?

Nikafungua ukurasa wa bunduki yangu. Umeandikwa: baruti, punje 43.

Nikafunga daftari. Punje ni punje, bwana. Mizani nikaiweka kabatini.

Nikamwaga baruti kidogo kwenye sahani nyeupe, nikachukua kibanio cha nyusi cha Marlys, nikaanza. Moja. Mbili. Tatu.

"Coy, chakula kinapoa!"

"Usinivuruge! Ishirini na tisa, thelathini..."

"Kwani unahesabu nini?"

"Maisha yetu ya baadaye!"

"Basi yahesabu upesi unirudishie kibanio. Nyusi zangu zinakaribia kusalimiana."

"Nyamaza, mpenzi. Thelathini na... Umeona sasa? Nimesahau!"

Nilizima feni. Nilimfukuza mbwa kwa sababu ya mkia wake. Kuna risasi moja nilipiga chafya kwenye punje ya arobaini na mbili, zote zikahamia kwenye siagi. Nilitaka kulia.

Siku nne, risasi ishirini. Na kopo bado limejaa! Nikamcheka mzee kimoyomoyo. Ghalani kwake ana makopo sita. Mbadhirifu mkubwa! Mimi hili moja litafika kwa vitukuu.

Basi ndiyo ikaja siku ya msimu, na kile kikohozi.

"Imegoma," nikasema. Nikaikoki, risasi ya pili ikaingia. Nikalenga tena.

Mzee Orval, aliyekuwa nyuma yangu, alinirukia. Ana miaka sabini na moja na goti la chuma, lakini aliruka kama paka, akanilaza kwenye theluji na kuninyang'anya bunduki.

"Unataka kupasuka uso? Kichwa cha ile ya kwanza kimekwama mtutuni! Ungefyatua tena, tungezika kofia!"

Tukarudi kibandani. Huko akafungua risasi yangu mojawapo, akaimimina kiganjani. Vikadondoka vijivumbi, hata mchwa hawezi kushiba.

"Baruti iko wapi?"

"Hiyo hapo, mzee. Arobaini na tatu. Kama huniamini, hesabu."

Mzee akakitazama kiganja chake.

"Uli... hesabu?"

"Moja moja. Kwa kibanio."

Mzee akanigeuzia mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua harusi imekufa. Bila kugeuka akasema, "Jalada la nyuma."

Nikalifungua daftari. Mwandiko wa mviringo, wa mama yake Marlys, marehemu Verna:

"Punje ni kipimo cha uzito, SI IDADI. Orval amehesabu siku sita kwa kibanio changu. Asirudie mwingine."

Mzee akageuka. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Wewe nani alikurukia?" nikauliza.

"Yeye, Verna. Akanivunja jino." Akaonyesha pengo.

Kisha akachukua kisu, akaenda mlangoni. Kati ya majina ya waliofaulu palikuwa na namba 51. Marlys aliniambia ni mwaka kibanda kilipojengwa. Na jina la Orval, sasa ndiyo nikagundua, halikuwepo popote. Hizo 51 zilikuwa punje zake.

Chini ya 51 akachonga 43.

"Jina utalitafuta mwakani," akasema. "Harusi iendelee. Keki haitangoja."

Nawe unayeanza jambo leo, soma mpaka jalada la nyuma, na usipoelewa uliza. Aibu ya kuuliza ingeniisha palepale. Hii yangu imechongwa kwenye mbao, na mtoto wetu ameshaanza kujifunza kusoma namba.